Kitanda Usichokilalia

Mwaka 2023, katika likizo ndefu, nilitupa godoro la bibi yangu. Nilifanya hivyo kwa nia njema, na kwa muda wa wiki mbili na nusu nilijiona mjukuu bora kuliko wote mtaani kwetu. Katika insha hii nitaeleza jinsi nilivyogundua kosa langu, na jinsi mimi na Bibi tulivyokitengeneza upya kitanda chake, tabaka juu ya tabaka, mpaka usingizi ukamrudia.

Kwetu ni Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 70 kusini mwa Bujumbura. Upande wa milima kuna michikichi, upande wa ziwa kuna ndagala. Jioni mitumbwi hutoka na taa zake, asubuhi wanawake huanika ndagala juu ya chanja za wavu, na siku ya kukamua mawese mtaa mzima hunukia. Kiswahili tunacho tangu zamani. Ni lugha ya soko, ya mwalo na ya msikitini, na wengi wetu tulikijua kabla ya kujua kuandika majina yetu.

Kwa Bibi, Kiswahili kina historia nyingine zaidi. Aliondoka Rumonge mwaka 1972, wakati wa mauaji yaliyoanza mwishoni mwa Aprili huku huku kwetu kusini, akiwa mama kijana mwenye mtoto mgongoni. Aliishi kwanza katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tanzania, na mwaka 1978 familia ikahamishiwa Mishamo. Huko walikaa miaka 30. Babu alifia huko na kuzikwa huko. Sisi tulirudi Burundi mwaka 2008, nami nilikuwa na miaka saba. Ninaikumbuka asubuhi ya kuondoka: vyombo vimefungwa, na mimi nimekalia godoro la Bibi lililokunjwa na kukazwa kwa kamba, tukisubiri gari.

Godoro lile lilikuwa la sufi, na aliyelishona ni Babu. Wanafunzi wenzangu waliokulia kwenye sponji huenda hawajawahi kulilalia la namna hiyo, kwa hiyo nieleze kidogo. Sufi ni nyuzi laini zinazotoka katika tunda la msufi. Ni nyuzi fupi zenye kuteleza, ndiyo maana hazisokotwi kuwa uzi kama pamba, lakini kwa kujazia mito na magodoro zinafaa sana. Taabu yake ni kwamba zikilaliwa muda mrefu hushikamana na kufanya madonge. Inabidi godoro lianikwe juani, lipigwe fimbo, na mara moja moja mshono ufumuliwe, sufi ichambuliwe kwa vidole, kisha lishonwe tena.

Hayo yote nayajua sasa. Mwaka ule nilichokiona mimi ni godoro kuukuu lenye madoa, vilima na mabonde. Chini yake kulikuwa na mkeka wa ukindu uliokatika pembeni, na chini ya mkeka magunia mawili yaliyoshonwa pamoja. Kati ya mkeka na godoro kulikuwa na majani makavu. Nikajisemea: mwanamke wa miaka zaidi ya 70, aliyelala uhamishoni miaka 36, bado analala juu ya takataka!

Nilikuwa na fedha kidogo. Nilikuwa nimewafundisha Kifaransa watoto wa majirani, na nimesaidia kubeba madumu ya mawese msimu mzima. Bibi alipokwenda Nyanza-Lac kumtembelea shangazi kwa siku nne, nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nilinunua godoro la sponji lenye unene wa sentimita 20, jekundu, la maua. Godoro la sufi nikawapa vijana wanaolinda mitumbwi usiku kwenye mwalo. Mkeka nikautandika zizini kwa mbuzi. Majani nikayafagia.

Bibi aliporudi alisimama mlangoni mwa chumba chake kwa muda, akashika kiuno, akacheka. Kama bibi wengi, hunitania kwa kuniita mume wake. “Haya, mume wangu,” akasema, “leo umenioa upya.” Akalikalia, akadundadunda kidogo, akanishukuru. Jioni ile aliwaita majirani wawili waje kuliona. Mimi nilitembea kifua mbele.

Baada ya wiki mbili na nusu, usiku mmoja niliamka kwenda nje. Nikapita mbele ya chumba cha Bibi, mlango ukiwa wazi nusu. Kitanda kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa amelala sakafuni, juu ya saruji, ametandika kanga mbili na gunia. Nilidhani ameanguka. Nikapiga ukelele, akaamka, akaniambia ninyamaze nisiwaamshe watu. Kisha akaanza kuinuka. Alishika mfumbati wa kitanda kwa mikono miwili, akapiga goti moja, akapumzika, akapiga la pili, akapumzika tena. Ilimchukua muda mrefu kusimama, nami nilikuwa nimeganda tu pale mlangoni.

Ikaja kubainika kwamba alikuwa akilala sakafuni tangu usiku wa tatu. Kila alfajiri, kabla ya nyumba kuamka, alipanda kitandani, akalivuruga shuka kidogo ili lionekane limelaliwa.

“Kwa nini hukuniambia, Bibi?”

“Ulikuwa umefurahi mno,” akanijibu. “Ningeanzia wapi?”

Nakiri kwamba kitu cha kwanza kilichonijia ilikuwa hasira. Nilimwambia kwamba godoro lile ni jipya, kwamba ni nene, kwamba watu wanalitamani. Akaniambia: “Basi lala wewe.” Usiku uliofuata tukabadilishana vyumba.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikwenda kukilalia kitanda kile nikitarajia kuwajua kunguni wake, na ukweli ni kwamba nililala kama gogo mpaka jua likanipiga usoni. Sikuona kasoro yoyote. Asubuhi nilimwendea Bibi kama mtu aliyeshinda kesi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ulilala na mgongo wako. Wangu nilikuwa nao mimi.”

Maneno hayo nimeyafikiria mara nyingi tangu siku ile. Methali inatufundisha kwamba tusihukumu jambo tusilolipitia, nayo ni kweli. Lakini inaweza kutudanganya tukadhani kwamba tukishalipitia tumemaliza kazi. Mimi nilikilalia kitanda na bado sikujua. Mwili wa miaka 22 na mwili uliobeba watoto, kuni, maji na mikungu ya mawese kwa miaka 50 havilali kitanda kimoja, hata kama vimelala mahali pamoja. Kilichokuwa kimebaki ni kumwuliza mwenye mgongo.

Nikauliza. Bibi akaeleza kwa utaratibu, kama mtu aliyengoja kuulizwa. Godoro jipya, alisema, linamnywa. Akilala chali, nyonga zinazama na miguu inabaki juu. Akilala ubavu, hawezi kugeuka, kwa sababu kugeuka ni kama kupanda kutoka shimoni. Kisha akanieleza kuhusu lile nililolitupa. Vilima na mabonde nilivyoviona havikuwa uchakavu mtupu. Mwenyewe ndiye aliyevipanga. Kwenye nyonga alishindilia sufi nyingi ili asizame. Kwenye bega la kulia, analolalia, alipunguza ili bega lipate mahali pa kuingia. Mkeka ulikuwa wa kupitisha hewa. Magunia yalikuwa ya kuziba nafasi kati ya chaga, maana chaga mbili zilikuwa zimevunjika. Na majani makavu yalikuwa ya kivumbasi, ya kufukuza wadudu.

“Na Mishamo, kabla Babu hajalishona godoro?” nikauliza.

Akacheka. Mwanzoni walikuwa na kitanda cha kamba, kile ambacho Watanzania hukiita teremka tukaze. Kamba zikilegea katikati, wenye kitanda wanateremka, wanazivuta, wanazikaza, wanapanda tena. “Hicho ndicho kilichokuwa kizuri,” akasema. “Kilikwambia chenyewe: shuka, nirekebishe.”

Siku hiyo hiyo nilikwenda mwaloni. Vijana walikuwa wameshalipasua godoro. Sehemu ya sufi walikuwa wamejazia mito, sehemu ilikuwa bado ndani ya kitambaa cha Babu, imetandikwa katika kibanda chao kando ya nyavu. Walinicheka sana nilipoomba niinunue. Mmoja aliniuliza kama ndani yake kuna fedha zilizofichwa. Nilirudi nyumbani na gunia moja, kama nusu ya sufi yote, na ile nguo. Ilinuka ndagala. Bibi aliiweka puani, akasema: “Sasa paka wote wa Rumonge watakuja kulala na mimi.” Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo, si siku ile wala baadaye. Ningependa angenigombeza.

Kwa siku tatu tuliichambua na kuianika juani. Wakati huo nililipeleka godoro jekundu kwa fundi wa makochi karibu na soko. Yeye alinifundisha jambo ambalo ningelijua kabla ya kununua, ningeokoa fedha zangu: unene wa sponji hausemi chochote kuhusu uwezo wake wa kubeba. Sponji hupimwa kwa uzito, yaani kilo ngapi katika mita moja ya ujazo. Iliyo nyepesi imejaa hewa. Siku ya kwanza inakupokea vizuri, lakini baada ya muda mahali pa nyonga panabonyea na hapanyanyuki tena. Tena, uzito na ugumu ni mambo mawili tofauti: sponji inaweza kuwa nzito na bado ikawa laini. Alibonyeza langu kwa ngumi, ngumi ikakaribia kugusa meza. Tukafanya mabadilishano. Nikamwachia lile, akanipa tabaka moja la sentimita nane la ile sponji ya rangi nyingi, inayotengenezwa kwa mabaki yaliyokatwakatwa na kubanwa pamoja. Ni nzito na ngumu, na haipendezi macho.

Baada ya hapo tulianza kupanga. Bibi alitoa amri, mimi nilikuwa fundi. Kanuni yake ilikuwa moja: tusibadili vitu viwili kwa pamoja, na kila badiliko lipewe siku tatu, kwa sababu usiku wa kwanza mwili hulalamika tu kwa mazoea. Nilikuwa na daftari. Kila asubuhi nilimwuliza ni wapi panauma, naye alinionyesha kwa kidole.

Tulianzia chini. Nilibadilisha chaga zilizovunjika na kuongeza mbili, ili nafasi kati yake zipungue. Juu ya chaga tukatandika mkeka mpya. Juu ya mkeka tukaweka sponji ngumu, na juu yake godoro la sufi, ambalo sasa lilikuwa jembamba kama mtoto wa lile la zamani. Siku tatu za kwanza nyonga zilitulia, lakini bega lilimuuma. Tukafumua mshono upande wa mchagoni, tukatoa sufi kiasi cha kukumbatia mkono mmoja mahali pa bega, tukaipeleka katikati. Siku tatu nyingine bega likapona, ila kiuno kikaanza kulia.

Hapo Bibi alinionyesha kipimo chake. Alilala chali na kupitisha kiganja chake mwenyewe chini ya kiuno. Kama kiganja kinapita huku kikicheza, kitanda ni kigumu mno, kiuno kinaning’inia. Kama hakipiti kabisa, kitanda ni laini mno, mwili umezama. Kinachotakiwa ni kiganja kupita kwa kusuguana. Kiganja chake kilikuwa kinacheza. Tulijaribu kuongeza sufi juu, ikashindikana: ilikuwa haitoshi. Ndipo akasema nikunje blanketi kuukuu mara mbili na kuliweka chini ya sponji, mahali pa kiuno tu. Sikuamini kwamba kitu kilichofichwa chini ya sentimita nane za sponji kingesikika juu. Kilisikika. Kesho yake akaniambia nilikunjue liwe kunjo moja, kwa sababu lilikuwa limezidi. Mwisho tulishona mto mdogo wa kuweka kati ya magoti anapolala ubavu.

Kazi yote ilichukua kama wiki tatu. Siku moja niliamka saa moja asubuhi nikaona mlango wake bado umefungwa. Niliogopa, nikagonga. Sauti yake ikajibu kwa ukali: “Mume wangu, kuna moto?” Alikuwa bado amelala. Tangu turudi kutoka Tanzania sikumbuki kuona jua likimtangulia Bibi.

Niliporudi chuoni Bujumbura nilitaka kujua zaidi, nikaanza kusoma. Nilikuta kwamba mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani, bila kuambiwa lipi ni lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa wastani walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Kwa muda mrefu watu wenye maumivu ya mgongo walikuwa wakiambiwa walale pagumu, hata kwenye ubao. Bibi alikuwa amelijaribu hilo kwa saruji yetu, na kiganja chake kilikuwa kimeshampa jibu.

Nikakuta na jambo la pili, ambalo lilinifanya nicheke peke yangu maktabani. Katika pango la Sibudu, Afrika Kusini, wanaakiolojia walichimbua malalo ya watu wa miaka kama 77,000 iliyopita, na mwaka 2011 wakatangaza walichokikuta. Malalo yale yalikuwa ya tabaka. Chini kulikuwa na mimea ya majimaji ya jamii moja na mafunjo, ile ile ambayo huku kwetu hutoa mikeka. Juu yake kulikuwa na majani ya mti ambao kemikali zake hufukuza wadudu. Nikayakumbuka majani ya kivumbasi niliyoyafagia. Niliyaona takataka, kumbe ni elimu ya miaka elfu nyingi, na mimi ndiye niliyejiita msomi wa nyumba.

Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana, na mitaa ya pwani ya Rumonge ikaingiliwa na maji, yetu ikiwemo. Mimi nilikuwa Bujumbura. Baba alinisimulia kwamba maji yalipoingia ndani usiku waliondoa kitanda cha Bibi haraka, kwa sababu hakikuwa mzigo mmoja: huyu alibeba sufi, yule sponji, yule mkeka. Hata hivyo sponji na sufi vililowa kabla ya kufika kwa jirani wa juu. Sufi ina mafuta ya nta katika nyuzi zake, haipendi maji. Zamani ilijazwa hata katika makoti ya kuokolea watu majini. Iliposhapata jua la siku mbili ilikuwa kavu. Sponji ilichuruzika wiki nzima na kuanza kunuka. Bibi alinipigia simu kunipa taarifa: “Godoro lako ni mlevi, mume wangu. La babu yako halinywi.”

Mambo hayajawa kamili. Sufi iliyobaki ni kidogo na kila mwaka inapungua. Nusu iliyokwenda kwenye mito ya vijana wa mwaloni haitarudi, na mikono iliyoishindilia mara ya kwanza iko chini ya udongo wa Mishamo. Mgongo wa Bibi nao haukai mahali pamoja. Kilichofaa mwaka juzi mwaka huu kimeshabadilika, na kila likizo tunafumua na kushona.

Wiki iliyopita, kabla ya kumaliza insha hii, niliona blanketi zuri sokoni hapa Bujumbura, zito, la sufu. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mfukoni kutoa fedha. Nikajizuia, nikampigia simu kumwuliza kama nimletee. Akaniambia blanketi analo. Akaniomba nimletee sindano ndefu ya kushonea magunia, maana ile ya zamani imevunjika.